Chema Hakikujiuza: Historia ya Kupendekezeana Vitabu katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake sokoni, mahali ambapo mnunuzi huiona bidhaa, huigusa, na pengine huionja kabla ya kufungua kibindo chake. Kitabu hakina bahati hiyo. Thamani yake haionekani katika jalada wala haipimwi kwa uzito. Hujulikana baada ya kusomwa, na mtu hashiki kitabu akakisoma hadi mwisho ila awe na sababu ya kuamini kuwa atafaidika. Aghalabu sababu hiyo hutokana na mtu mwingine aliyetangulia kukisoma, akasema: hiki chafaa. Makala haya yananuia kuichunguza nafasi ya mtu huyo, ambaye tutamwita mpendekezaji, katika historia ya fasihi ya Kiswahili tangu enzi ya miswada hadi leo.

Wanahistoria wa fasihi yetu wamewashughulikia sana watunzi na matini zao. Wameshughulikia pia wafadhili, wamishenari na mashirika ya uchapishaji. Lakini msomaji aliyemwazima mwenzake kitabu, au aliyemshika mkono na kumwambia asipitwe na kazi fulani, hatajwi ila kwa nadra. Hoja tunayoitetea hapa ni kwamba baadhi ya kazi tunazozihesabu leo kuwa nguzo za fasihi ya Kiswahili zilitufikia kwa sababu msomaji fulani alizidhamini. Neno hili la dhamana tumelichagua kwa makusudi. Mdhamini huweka jina lake rehani. Mambo yakienda mrama, yeye ndiye anayeulizwa. Vivyo hivyo mtu anayependekeza kitabu huhatarisha heshima yake ya usomaji mbele ya mwenzake. Tutaonyesha kuwa katika karne ya 20 dhamana hiyo ilihama polepole kutoka kwa wasomaji, ikaenda kwa kamati, kisha kwa mtihani, na kwamba uhamisho huo ulikuwa na faida zake na hasara zake.

Chuo na mnakili

Katika Kiswahili cha kale neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu na, papo hapo, mahali pa kusomea. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale inayojulikana ni ya 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Mtunzi wake, Mwengo bin Athumani, aliutunga Pate kwa ajili ya mtawala wa huko. Twaona basi kuwa mwanzoni kabisa mwa fasihi andishi tuliyo nayo palikuwa na msomaji aliyetaka kazi hiyo iwepo. Utashi wa msomaji ulitangulia wino wa mtunzi.

Kabla ya matbaa kuenea, kitabu hakikuweza kuishi bila kupendekezwa. Mswada mmoja ulikuwa mali ya nyumba moja. Ili kazi ivuke kizingiti cha nyumba hiyo ilipasa mtu aisikie ikisomwa, aipende, aiombe, na ama ainakili mwenyewe au amlipe mnakili. Kila nakala iliyosalia, kwa hivyo, ni ushahidi kwamba mtu fulani aliiona kazi ile kuwa inastahili karatasi, wino na siku kadhaa za kuinamia ubao. Mwana Kupona binti Msham alipoutunga utenzi wake mnamo 1858, alimkusudia binti yake, Mwana Hashima. Wosia wa mama kwa mwana mmoja ungeweza kufa pamoja na aliyeusiwa. Badala yake uliombwa, ukanakiliwa, ukaenea katika nyumba nyingi za Lamu na visiwa vya jirani, hata Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kitabuni mwaka 1934 walikuwa wanakipa chapa kitu ambacho tayari kilikuwa na wasomaji.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Muyaka bin Haji. Mshairi huyu wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na tungo zake nyingi zikabaki vinywani mwa watu. Miongo ilipita. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akamshirikisha mmishenari W. E. Taylor, aliyekuwa akiishi Mombasa na kukichunguza Kiswahili kwa kina. Taylor aliongeza maelezo, na karatasi zake zikaishia London. Huko ndiko Hichens alikozipata, akatoa Diwani ya Muyaka kule Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatupatia uchunguzi wake mpana juu ya Muyaka na ushairi wa zama zake. Tukiitazama silsila hii, twaona kwamba pete ya kwanza, ambayo bila yake hakuna nyingine, ni Mwalimu Sikujua. Yeye hakuwa mchapishaji wala mfadhili. Alikuwa msomaji aliyeamini kuwa Muyaka asipotee, na akamfanya mgeni aamini vivyo hivyo.

Muhamadi Kijuma wa Lamu anaingia katika mkumbo huo. Bingwa huyu wa hati nzuri, uchongaji na muziki aliwanakilia tendi na mashairi wataalamu kadhaa wa Ulaya, wakiwemo Werner, Hichens na Ernst Dammann. Ni desturi kumtaja Kijuma kama mtu wa mkono tu, yaani mwandishi wa kukodiwa. Mtazamo huo wahitaji kusahihishwa. Mtaalamu aliye London au Hamburg hakuweza kujua ni tungo zipi zilizomo katika masanduku ya Lamu. Alitegemea kuambiwa na watu wa huko. Kwa kiasi fulani, basi, orodha ya tendi ambazo vyuo vikuu vimekuwa vikizifundisha kama urithi wa Lamu ni orodha iliyopitia mapendekezo ya Kijuma na wenzake wachache. Vivyo hivyo J. W. T. Allen, aliyeongoza kazi ya kukusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na ambaye kitabu chake Tendi kilitoka mwaka 1971, asingepata lolote pasipo wenye nyumba waliokubali kufungua masanduku yao.

Hata hivyo, haitufai kuipamba enzi hii kupita kiasi. Duara la waliopendekezeana miswada lilikuwa dogo. Lilihitaji elimu ya hati za Kiarabu, nyumba yenye nasaba, na nafasi ya kukaa na kusikiliza. Mtumwa, na mzao wa mtumwa, hakuwa na sanduku la miswada. James Mbotela, aliyekuwa wa ukoo wa watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown, hakuifikia hadhira yake kwa njia ya mnakili wa Lamu. Uhuru wa Watumwa ulichapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934, na wahakiki wamekwisha kueleza jinsi unavyowatukuza Waingereza. Pamoja na kasoro hiyo, kitabu hicho chatukumbusha kwamba kuna sauti ambazo mlango wa zamani haukuwafungulia, nazo zikapita kwenye mlango mwingine.

Gazeti, kamati na shirika

Mlango huo mwingine ulikuwa na mabawabu wake. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuvikagua vitabu na kuviidhinisha kwa matumizi ya shule. Kwa kuwa Kiswahili sanifu kilikwisha kujengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa 1928, idhini ya Kamati ilikuwa pia hukumu juu ya lahaja. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Mombasa au Lamu alipopewa kitabu cha hadithi shuleni, alipewa kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Unguja, na mara nyingi iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Johnson mwenyewe ndiye aliyefasiri Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha H. Rider Haggard, kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1929. Hapa mpendekezaji amebadilika sura. Hamjui msomaji wake, wala msomaji hamjui yeye.

Kando ya Kamati palikuwa na magazeti, ambayo hayakutawalika kirahisi namna hiyo. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa chombo cha wakoloni. Lakini kurasa zake za mashairi na barua ziligeuzwa na wasomaji kuwa baraza. Mshairi aliyesoma shairi la mwenzake wa wilaya nyingine alimjibu, akamsifu au akamkosoa, na jina lake likawa chini ya maneno yake. Ni katika mazingira ya kurasa kama hizo ambamo jina la Shaaban Robert lilipata kujulikana kabla vitabu vyake havijawa mikononi mwa watu wengi. Mombasa nayo ilipata Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, magazeti ya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, yaliyomzoeza msomaji wa Kiswahili kupima hoja na kuelekezwa kwenye maarifa.

Hata Shaaban Robert mwenyewe si shahidi mwema wa methali tuliyoanza nayo. Kusadikika ilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Lakini Kufikirika haikutoka hadi 1967, naye alikuwa ameaga dunia mwaka 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilifuata mwaka 1968. Hakuna mhakiki atakayedai kuwa Kufikirika ilichelewa kwa kukosa ubora.

East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948 chini ya uongozi wa Charles Richards, ilijaribu kuziunganisha kazi zote za kitabu mahali pamoja: kuhariri, kuchapisha, kusambaza na kuazimisha. Iliendesha maktaba, ikapeleka makasha ya vitabu mashambani, na kwa njia ya mashindano ikatafuta waandishi wapya. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ulishinda shindano lake la uandishi wa hadithi la 1957 na 1958, ukachapishwa mwaka 1960. Tuzo ni pendekezo la aina yake. Waamuzi huweka majina yao hadharani na kusema kuwa kazi hii inazishinda nyingine. Katika tukio hili waamuzi hawakukosea, kwani Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, aliwapendeza wasomaji kwa miongo kadhaa, na riwaya ya upelelezi ikapata makao katika Kiswahili.

Mtihani kama mpendekezaji

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa na haukufunguliwa tena hadi 1983. Mwanafasihi anayesoma tarehe hizi kama habari za siasa tu atakuwa amepoteza jambo. Sehemu kubwa ya riwaya za Kiswahili za wakati huo ilikuwa ikiandikwa Tanzania Bara na Visiwani. Bureau ya pamoja ilikoma, na mwaka 1980 Kenya ikaunda Kenya Literature Bureau yake. Soko lililokuwa moja likawa mawili.

Miaka miwili baada ya mpaka kufunguliwa ulikuja mfumo wa 8-4-4, mwaka 1985, na Kiswahili kikawa somo la lazima katika shule za msingi na za upili. Fasihi ikaingia katika mtihani wa kila mtahiniwa. Tusiwe wachache wa shukrani: hakuna hatua iliyoipa riwaya na tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya wasomaji wengi kuliko hiyo. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia cha 2001, Mstahiki Meya ya Timothy Arege ya 2009, Kidagaa Kimemwozea cha Walibora cha 2012, Chozi la Heri la Assumpta Matei la 2014 na Kigogo cha Pauline Kea cha 2016, ni kazi ambazo zimesomwa kutoka Kwale hadi Turkana kwa sababu ziliteuliwa. Msiba wa kifo cha Walibora, Aprili 2020, ulidhihirisha kina cha usomaji huo. Watu wazima walioacha shule miaka mingi walimlilia Kongowea Mswahili kama aliyekuwa jirani yao.

Pamoja na hayo yote, uteuzi wa mtihani watofautiana na pendekezo katika mambo matatu. Kwanza, hauna jina. Mwanafunzi hajui ni nani aliyekipenda kitabu hiki, wala kwa sababu gani. Pili, haukataliki. Msomaji aliyependekezewa kitabu na rafiki anaweza kukirudisha akisema hakikumvutia, na maneno hayo ni mwanzo wa uhakiki; mtahiniwa hana ruhusa hiyo. Tatu, una mwisho. Orodha ikibadilika, kitabu kilichosomwa na maelfu jana huachwa vumbini leo, na kaka hamwachii mdogo wake kwa kuwa mdogo ana orodha nyingine. Juu ya yote pamezuka tasnia ya miongozo, inayomwezesha mwanafunzi kuzijibu dhamira, wahusika na mbinu za riwaya ambayo hakuifungua. Mwongozo ndio mwisho wa safari ya dhamana tuliyoieleza: msomaji anadhaminiwa asisome.

Athari yake yaonekana katika vyumba vyetu vya mihadhara. Wanafunzi wengi huja chuoni wakiwa wamesoma vitabu vitatu vya Kiswahili kwa uangalifu mkubwa, na cha nne hawana. Wakiulizwa ni kitabu gani walichokisoma bila kuamriwa, hunyamaza, au hutaja cha Kiingereza. Hawana kosa. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Vilivyosomwa bila kuamriwa

Historia, hata hivyo, inatuonyesha kuwa mkondo wa kupendekezeana haukukauka wakati wowote. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda kutumiwa shuleni nchini Tanzania kutokana na jinsi inavyoyasimulia maisha ya msichana aliyelelewa kwa ukali na kuharibikiwa baadaye. Kitabu hakikufa. Wasomaji walikidhamini pale wakuu walipokikataa, na hatimaye kikaingia katika vitabu vinavyofundishwa. Mwandishi wake akaendelea hadi Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya mbili fupi ambazo zingali zinawagawa wahakiki.

Abdilatif Abdalla naye alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chake Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972. Tungo alizozitunga kifungoni zikachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 zikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Tuzo yenye jina la rais ikampendekeza kwa wasomaji mtu ambaye serikali ya rais huyo ilikuwa imemfunga. Wanafunzi wetu wanapouliza iwapo waamuzi wa tuzo huwa na uhuru wowote, mfano huu wafaa kutajwa.

Tena kuna riwaya za mtaani. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974, ilimleta Willy Gamba, jasusi ambaye vijana wa Dar es Salaam walimfahamu kama wanavyomfahamu mchezaji wa mpira. Ben Mtobwa akaandika Dar es Salaam Usiku na nyinginezo. Vitabu hivi viliazimwa hadi majalada yakang'oka. Vilisomwa garini, dukani, bwenini chini ya mto. Uhakiki wa chuo kikuu uliviita fasihi pendwa, kisha ukavipa kisogo. Hilo lilikuwa jambo la kushangaza kwa taaluma inayolalamika kila mwaka kuwa watu hawasomi Kiswahili. Waliokuwa wakisoma walikuwepo, ila sisi hatukuwauliza wanasoma nini na kwa nini wanaambizana.

Katika miaka ya karibuni tuzo zimerudi kuwa mpendekezaji mwenye nguvu. Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa Safal-Cornell, iliwatoa washindi wake wa kwanza mwaka 2015, akiwemo Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu na Mohammed Khelef Ghassani kwa diwani. Filamu nayo imejiunga: Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na watu ambao hawakuwa wamelisikia jina la mwandishi wakaanza kukitafuta kitabu.

Vitabu vitatu

Ingekuwa ni unafiki kuandika kurasa hizi zote bila ya kuweka dhamana yetu wenyewe. Tunampendekezea msomaji wa jarida hili vitabu vitatu tulivyovisoma, au kuvisoma upya, katika siku za karibuni. Tumejaribu kueleza sababu, kwa kuwa sifa isiyo na sababu ni kelele.

Cha kwanza ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Riwaya ya asili, Paradise, ilitoka mwaka 1994. Mwandishi ni mzaliwa wa Unguja. Wahusika wake, Yusuf na tajiri Aziz na misafara ya kwenda bara, ni watu ambao bila shaka waliyasema maneno yao kwa Kiswahili kabla mwandishi hajayaandika kwa Kiingereza. Ilichukua miaka 28, na Tuzo ya Nobeli ya 2021, ili Yusuf azungumze Kiswahili kitabuni. Hii ndiyo hoja ya makala haya katika mfano mmoja. Lakini hatukipendekezi kwa sababu ya Nobeli. Tunakipendekeza kwa sababu mfasiri ameirudisha lugha nyumbani. Heshima, matusi, na maneno ya biashara na ya ibada yamepata mahali pake, na mhadhiri wa tafsiri atapata humo mifano ya kumtosha muhula mzima. Asomaye akiwa na nakala ya Kiingereza pembeni ajiulize, katika kila ukurasa, ni ipi iliyo tafsiri ya nyingine.

Cha pili ni N'na Kwetu cha Ghassani, diwani iliyoshinda tuzo tuliyoitaja. Mshairi ni Mpemba aliyefanya kazi ya utangazaji Ujerumani, na diwani yake yahusu ugeni, unyonge wa mtu aliye mbali, na ukaidi wa kudai kuwa anako kwao. Tunaipendekeza hasa kwa wale wanaoamini kuwa mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko ulikwisha kulifunga somo la ushairi. Ghassani hutumia vina na mizani pasipo kuomba radhi, na maudhui yake ni ya karne hii. Mwalimu aliyechoka kufundisha arudhi kama hesabu ajaribu kuifundisha kwa kitabu hiki.

Cha tatu si kipya. Ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Mwandishi alikuwa mwanasosholojia, aliwekwa kizuizini mwaka 1986, na alifariki mwaka 2004. Katika riwaya hii Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani katika chombo ambacho kilikusudiwa kuwa kaburi lake, naye anafika katika nchi ya Walenisi, ambayo jina lake likitamkwa taratibu hujifafanua lenyewe. Kuna sehemu ambazo mwandishi anahubiri kuliko kusimulia, na msomaji mwenye haraka atachoka. Avumilie. Kenya haina riwaya nyingi za Kiswahili zilizothubutu kuwaza jamii nyingine kabisa badala ya kuilaumu iliyopo, na hakuna sababu ya kazi kama hii kungoja orodha ya mtihani ndipo isomwe.

Hitimisho

Tumeona kuwa Muyaka alimhitaji Sikujua, kwamba wosia wa Mwana Kupona ulihitaji wasomaji wa kuuomba na kuunakili, kwamba Rosa Mistika iliokolewa na wasomaji, na kwamba hata Gurnah alihitaji kuitwa kwa sauti kubwa ndipo afunguliwe mlango wa lugha ya kwao. Mtihani umetupatia wasomaji wengi kwa miaka minne ya shule ya upili, na hakuna anayetaka uondolewe. Kinachohitajika ni kuirudisha kando yake ile kazi ya kale ya msomaji kumdhaminia msomaji.

Wajibu huo waiangukia idara ya fasihi kabla ya wengine, maana ndiyo inayowalipa watu mshahara wa kusoma. Uhakiki wetu umekuwa hodari wa kuainisha na kutumia nadharia, lakini mara nyingi makala huisha bila msomaji kujua iwapo mhakiki angempa dada yake kitabu kile asome. Tunapendekeza kwamba kila toleo la jarida hili litenge kurasa mbili ambamo wahadhiri na wanafunzi watataja kitabu kimoja kimoja cha Kiswahili kisichomo katika orodha yoyote ya mitihani, waeleze kwa maneno yasiyozidi 300 kwa nini kisomwe, na waweke majina yao chini. Atakayeona amedanganywa aandike toleo lifuatalo. Vilevile maktaba ya idara iwe na rafu ya vitabu hivyo, vya kuazimwa na kurudishwa. Nakala yetu ya Walenisi imekwisha kupelekwa huko, na wa kwanza kuihitaji aichukue.